Shina na Tawi: Namna ya Kuitambua Asili ya Hifadhidata

Anayesafiri kutoka Embu kwenda Meru kwa barabara ipitayo Runyenjes na Chuka, akivuka Mto Thuci unaoitenga Embu na jirani zake, kisha Nithi na Mutonga, huona huku na huku mashamba ya kahawa na majani chai yaliyoshikamana na miteremko ya Mlima Kenya, na aghalabu haimjii fikira kwamba kila kilo ya kahawa mbivu iliyopimwa katika viwanda vya bondeni imeandikwa mahali, zamani kwa kalamu katika daftari la karani, na baadaye, tangu miaka ya tisini ya karne iliyopita, katika tumbo la kompyuta. Kwa barabara hiyo hiyo, asubuhi moja ya manyunyu, alikuja Meru karani mstaafu wa chama cha ushirika cha wakulima wa upande wa Runyenjes, flashi yake ameifunga katika leso kama mtu aliyebeba kito, akaingia katika kibanda cha fundi wa kompyuta karibu na soko la Gakoromone, ambako mimi nilikuwa nimekaa nikingoja mashine yangu ipate afya.

Haja yake ilikuwa na historia ndefu. Mwanachama mmoja wa zamani alikuwa amefariki dunia, na mwanawe, akiwa na hati ya mirathi mkononi, alikwenda kudai hisa za babaye. Kamati mpya ikaitazama rejesta ya sasa, isilione jina, ikamrudisha. Karani, aliyeshika madaftari ya chama hicho kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, alisema jina limo, ila limo katika rejesta ya kwanza, iliyotengenezwa na kijana mmoja aliyetoka chuoni, ambayo wakati wa kuhamia mashine mpya haikuhamishwa yote. Akaitafuta, akaipata katika kompyuta kuukuu iliyokuwa ikiliwa na vumbi ghalani, akainakili. Kompyuta ya ofisi ilipotakiwa kuifungua ikakataa, ikisema kwamba faili hiyo iliundwa kwa toleo la awali la programu. Na mjumbe mmoja wa kamati, mtu wa maneno machache lakini makali, akauliza kwamba hata ikifunguka, nani atakayethibitisha kuwa si kitu kilichotengenezwa juzi?

"Kijana wangu," alisema karani akiifungua leso, "mashine yetu yasema hii ni ya toleo la zamani, lakini haisemi ni lipi. Nami sitaki maneno ya jumla. Nataka kujua ilizaliwa wapi."

"Keti, Mzee," fundi akamjibu. "Mashine ya ofisi tuiache. Tutaiuliza faili yenyewe."

Msomaji asiyeshinda mbele ya kompyuta astahili kwanza kuelezwa kinachoulizwa. Hifadhidata ni daftari lenye majedwali, ambamo kila mstari ni mtu au kitu, na kila safu ni sifa yake: jina, namba ya uanachama, kilo, hisa. Lakini daftari la karatasi husomwa na yeyote mwenye macho na elimu ya kusoma, ilhali hili halifunguki ila kwa programu iliyolitengeneza au kwa ndugu yake wa karibu. Programu nazo hutolewa upya kila baada ya miaka michache, na kila toleo lina namna yake ya kukunja kurasa, ya kupanga herufi na ya kufunga mlango. Toleo jipya huweza kwa kawaida kusoma maandishi ya waliolitangulia, ila uwezo huo una mpaka, na mpaka wenyewe huwekwa na kampuni iliyo mbali, ambayo haina habari na hisa za marehemu wa Runyenjes.

Faili ya karani iliitwa WAKULIMA.MDB, na herufi zile tatu za mwisho zilitosha kumjulisha fundi kwamba ni mtoto wa Microsoft Access. Programu hiyo ilitoka mara ya kwanza mwezi wa Novemba mwaka 1992, ikaenea katika ofisi ndogo kwa kuwa haikuhitaji mashine kubwa wala mtaalamu wa mshahara mkubwa. Kijana mwenye cheti na subira aliweza kuketi nayo wiki mbili akamaliza rejesta nzima. Umbo la faili zake limebadilika mara kadhaa. Matoleo ya 95 na 97 yana maumbo yaliyokaribiana hata yakawa na alama moja. Ya 2000, 2002 na 2003 yana umbo jingine. Na mwaka 2007 likaja la tatu, ambalo hata jina lake la mwisho ni jipya, accdb badala ya mdb. Toleo la 2010 lilikuwa bado laweza kuifungua faili ya 97 na kuigeuza. Toleo la 2013 likakata udugu huo, na yote yaliyofuata yamekataa vile vile. Kwa hiyo anayeuliza faili ilizaliwa katika toleo lipi ndiye atakayejua atafute programu ya mwaka gani ili mlango ufunguke.

Fundi hakuifungua faili. Aliinakili kwanza, akaiweka ile ya asili kando, kisha nakala akaitia katika programu ndogo ionyeshayo baiti moja moja, bila tafsiri, kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, ambayo huandika tarakimu 0 hadi 9 na kuendelea kwa herufi A hadi F. Kiooni pakatokea mistari mirefu ya baiti 16 kila mmoja. Wa kwanza ulianza 00 01 00 00, na upande wa kulia, pale herufi zinapoonyeshwa, pakasomeka Standard Jet, kwani Jet ndilo jina la mtambo wa ndani uliokuwa ukiendesha faili za Access za wakati huo. Mstari wa pili ukaendelea: nafasi tupu, D, B, sifuri, na baada yake baiti moja ambayo fundi aliigusa kwa ncha ya kalamu.

"Hii hapa, Mzee. Ingekuwa 01, tungesema ni 2000 au wadogo zake wawili. Hii ni 00. Ni 95 au 97."

Karani akavua miwani, akaifuta kwa ile leso, akaivaa tena, akaisoma 00 kwa sauti ya taratibu, kama alivyokuwa akiisoma mizani zamani mbele ya mkulima asiyemwamini mtu.

Nami naomba niseme neno la hadhari, kwa sababu nimewaona wengi wakiishia kwenye baiti hiyo na kwenda zao kwa furaha. Alama ya 01 wanaichangia ndugu watatu, na ya 00 wawili. Inakutajia ukoo tu. Watigania na Waigembe wa Meru watalielewa jambo hili upesi, kwa kuwa marika yao hutajwa kwa majina yanayozunguka, Ratanya, Miriti, Gichunge na mengineyo, na jina hurudi baada ya vizazi kadhaa. Akikuambia mtu kwamba jadi yake alikuwa Miriti, hujapata jibu mpaka umuulize ni Miriti yupi. Hali ni mbaya zaidi kwa faili za dBASE, programu ya zamani zaidi iliyotawala ofisi kabla ya Access, ambazo baiti yao ya kwanza ikiwa 03 yaweza kuwa ya dBASE III au ya programu nyingine zilizoiga umbo lake. Faili hizo zina fadhila moja lakini: baiti tatu zinazofuata ni mwaka, mwezi na siku faili ilipobadilishwa mara ya mwisho, zimeandikwa ndani ya faili yenyewe, na hazibadiliki kwa kuinakili.

Tarehe ya ndani ni kitu cha thamani, kwa kuwa tarehe za nje ni mashahidi wa mashaka. Karani alipoambiwa atazame sifa za faili yake katika Windows, aliona kwamba ilibadilishwa mwaka 2001 na kuundwa mwaka 2019, akashituka, akasema hilo ndilo litakalomwangamiza mbele ya kamati: mtoto aliyevishwa nguo miaka kumi na minane kabla ya kuzaliwa! Fundi akacheka, akamtuliza. Faili inaponakiliwa kutoka mahali hadi mahali, Windows huiandikia nakala siku ya kunakiliwa kuwa ndiyo siku ya kuundwa, ila siku ya kubadilishwa huiacha kama ilivyokuwa. Mwaka 2019 ndio karani alipoitoa ghalani mara ya kwanza kuiweka katika flashi, alikuwa amesahau. Katika jozi hiyo ya tarehe, ile iliyo nyuma zaidi ndiyo yenye maana, na hata hiyo haizuiliki kughushiwa na mtu mwenye nia mbaya, kwa kuwa saa ya kompyuta hurudishwa nyuma kwa urahisi kuliko saa ya ukutani.

Basi fundi, ambaye nilianza kumheshimu, akaacha alama za nje akaenda kwenye yaliyomo. Alikuwa na kompyuta ya zamani yenye Access 2010, akaigeuza nakala, ikafunguka. Ndani, kando ya jedwali la wanachama, palikuwa na jedwali dogo la wilaya za Mkoa wa Mashariki, mkoa ambao Embu ilikuwa makao yake makuu, lililowekwa ili karani achague tu wilaya anakoishi mrithi bila kuiandika. Orodha ilikuwa na Embu, na Mbeere ikiwa peke yake; na Mbeere ilimegwa kutoka Embu mwaka 1996. Ilikuwa pia na Nyambene, wilaya iliyotengwa na Meru mwaka 1992 na ambayo baadaye iliitwa Meru Kaskazini. Namba za simu zilikuwa za mezani zote, za Embu zikianza kwa 0161, msimbo ambao siku hizi ni 068; safu ya simu ya mkononi haikuwapo kabisa. Mtu atakayeghushi rejesta leo aweza kukumbuka kurudisha saa nyuma. Ni nadra akumbuke kuiacha Nyambene iitwe Nyambene.

Kuna alama nyingine ya uzazi, na hii ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa kuwa ni ya lugha. Kĩmĩrũ na Kĩembu zina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa ĩ na ũ, kwa kiwimbi juu. Access 97 na waliotangulia walitunza kila herufi katika baiti moja, kwa jedwali la herufi la Ulaya ya Magharibi, ambamo Mreno alipata ã yake na Mhispania ñ yake, lakini ĩ na ũ za Mmeru hazikuwamo. Aliyeitwa Mũgambi au Kĩrĩmi aliingia katika rejesta bila viwimbi vyake, akapenda asipende, au herufi ile ikageuka alama ya kuuliza. Toleo la 2000 ndilo lililoleta mpango wa Unicode, unaozitambua herufi za lugha nyingi za dunia, na tangu hapo Kĩrĩmi aliweza kuandikwa kama mama yake anavyomwita. Ila faili ya 97 inapogeuzwa kuwa ya 2000, nafasi ya kiwimbi hupatikana na kiwimbi chenyewe hakirudi; hakuna programu inayojua kwamba Kirimi huyu alikuwa Kĩrĩmi.

Ushahidi huu lakini ni wa upande mmoja, na mwenye kuutumia awe na insafu. Ukikuta ũ katika faili inayodaiwa kuwa ya 97 na haijageuzwa, una haki ya kuitilia shaka kubwa. Usipoikuta, hujathibitisha lolote, maana wengi wetu hata kwa kalamu tumezoea kuandika Mugambi na kupita. Rejesta ya karani haikuwa na kiwimbi hata kimoja. Fundi aliliandika hilo katika karatasi yake, akaandika pia kwamba si hoja ya nguvu.

Mpaka hapa nimesimulia faili ambayo haikupandishwa toleo tangu izaliwe. Shida ya kweli huanza pale ofisi inapokuwa na utaratibu mzuri, ikapandisha daftari lake kutoka toleo hadi toleo, kwa kuwa daftari lililopandishwa huvaa alama za toleo jipya na kuzivua za zamani. Fundi alipomweleza karani hayo, mzee akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ni kama kuunga kahawa."

Ni hivyo hasa, na ninaikopa kauli yake kwa kuwa sina bora kuliko hiyo. Kahawa ya wakulima Waafrika iliruhusiwa katika Meru, Embu na Kisii katika miaka ya 1930, muongo ule ule ambao Scott Laboratories za Kabete zilichagua aina iitwayo SL 28, tamu mno kikombeni na dhaifu mbele ya ugonjwa wa chule buni. Mwaka 1985 ikatoka Ruiru 11, na mwaka 2010 Batian, zote zenye kustahimili ugonjwa huo. Mkulima asiyetaka kung'oa miti aliyoachiwa na babaye hukata shina la SL 28 na kuliunga tawi la Batian. Miaka miwili baadaye anayepita barabarani huona Batian, na majani, na buni, na mavuno ni ya Batian. Mizizi ni ya SL 28. Anayetaka kujua huinama, huyaondoa majani makavu, na kulitafuta kovu la muungo karibu na ardhi.

Hifadhidata nyingi zina kovu hilo, na nyingine zimelificha. Iliyo bora kwa jambo hili, kwa maoni yangu, ni SQL Server, programu ya Microsoft ya ofisi kubwa, ambayo katika ukurasa wa 9 wa faili yake ya kwanza huandika namba mbili mbalimbali: moja ni ya umbo la sasa, na nyingine ni ya umbo ambalo hifadhidata ilizaliwa nalo. Amri ya DBCC DBINFO huzitoa zote mbili, ya pili ikiitwa dbi_createVersion, nayo haibadiliki hata daftari likipandishwa mara kumi. Ukiona 539, mzazi wake ni toleo la 2000; 611 ni 2005; 655 ni 2008; 706 ni 2012; 782 ni 2014; 852 ni 2016; 904 ni 2019. Daftari lenye 904 juu na 539 chini ni Batian iliyoungwa juu ya SL 28, na msimamizi wake hana budi kulijua hilo, kwa kuwa mizizi ya zamani ina tabia zake.

Nitazitaja mbili. Tangu toleo la 2005, kila hifadhidata mpya huzaliwa na hesabu ya uhakiki iandikwayo juu ya kila ukurasa, ili ukurasa ukiharibika diskini mashine itambue mara moja. Iliyozaliwa 2000 ikapandishwa hubaki na mpango wake wa zamani, ulio dhaifu, mpaka mtu auwashe mpya kwa mkono. Tena katika matoleo ya kale iliwezekana thamani isiyo halali kuingia katika safu, kama tarehe isiyokuwamo katika kalenda yoyote. Ukaguzi wa thamani hizo hufanyika wenyewe kwa hifadhidata zilizozaliwa 2005 na baadaye, na kwa wazee wao haufanyiki mpaka msimamizi auamrishe kwanza na upite bila kosa. Kwa hiyo ofisi mbili zaweza kuwa na programu moja, ya mwaka mmoja, kwenye mashine pacha, na moja ikawa salama ilhali nyingine inaoza kimya kimya, sababu ikiwa ni siku ya kuzaliwa tu.

Hapa pana hatari ambayo fundi aliitilia mkazo kuliko yote. Hifadhidata ya SQL Server ikiunganishwa na mashine ya toleo jipya hupandishwa papo hapo bila kuulizwa sana, na haishuki tena. Anayeifungua ili kuichungulia tu amekwisha kuibadilisha. Kwa nakala ya akiba ipo amri ya RESTORE HEADERONLY, ambayo husoma kichwa cha nakala na kutaja umbo na toleo lake bila kuirejesha. Aidha, aliye na nakala ya toleo la 2000 asitaraji kuipeleka moja kwa moja katika toleo la 2012 au la baadaye. Lazima apite kituo cha katikati, 2005 au 2008, kama ambavyo matatu ya Embu haifiki Meru bila kupita Chuka.

Nyingine nitazipitia haraka. SQLite, ambayo imo ndani ya simu ya kila msomaji wa makala hii, huandika katika baiti za 96 hadi 99 namba ya toleo lililoigusa mara ya mwisho, na la kwanza hailikumbuki kabisa. Nakala ya maandishi itokayo MySQL hutaja katika mistari yake ya mwanzo toleo la mashine ilikotoka, na ya PostgreSQL hali kadhalika. Lakini hilo ni toleo la siku ya kunakili. Wengi huchanganya mambo haya mawili, wakasoma nguo ya mwisho wakadhani ni cheti cha kuzaliwa.

Katika nchi yetu mfano mzuri wa safari ya namna hiyo ni wa matibabu. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kuliwekwa mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa kwa Microsoft Access, ndugu wa ile WAKULIMA.MDB. Wagonjwa walipoongezeka, na kazi ya kuwahudumia waishio na virusi vya UKIMWI ikapanuka, Access ikalemewa; kutokana na haja hiyo, kuanzia 2004, ikabuniwa OpenMRS, inayotumia MySQL, na mwaka 2006 kumbukumbu za huko zikahamia humo. KenyaEMR, inayotumiwa leo katika vituo vingi vya nchi, imejengwa juu ya OpenMRS hiyo. Basi ndani ya OpenMRS kuna jedwali liitwalo liquibasechangelog, ambalo kila mabadiliko ya umbo la hifadhidata huandikwa humo kwa mpango, pamoja na siku na saa yalipofanyika. Ukilipanga kwa tarehe utaona mistari mingi ya siku moja, dakika moja, yote ikifuatana: hiyo ndiyo siku hifadhidata ilipowekwa. Kisha kimya cha miezi au miaka, halafu mistari kumi au ishirini: limepandishwa toleo. Naliona jedwali hilo kuwa ni adabu ambayo kila mtengeneza programu angepaswa kuiiga, kwa maana halimlazimishi ajaye baada yako kuwa mpelelezi.

Turudi Gakoromone. Jina la marehemu lilikuwamo, mstari wa mia nne na ushei, lenye namba ya uanachama na hisa zake, na karani hakusema neno, alitikisa kichwa tu mara mbili. Fundi akamwandikia karatasi ya kupeleka kwa kamati, na naliona jambo jema kwamba hakuandika zaidi ya anachokijua: kwamba umbo la faili ni la Access 95 au 97, kwamba ilibadilishwa mara ya mwisho mwaka 2001 kwa mujibu wa tarehe yake, kwamba orodha ya wilaya na misimbo ya simu ni ya wakati huo, na kwamba hayo yote yanaafikiana na maneno ya karani ila hayakati shauri, kwa sababu hata Access 2003 iliweza kuishusha faili yake ikawa katika umbo la 97. Kisha akamwambia shahidi mkubwa kuliko faili ni ile kompyuta iliyo ghalani, na kwamba mtu yeyote asiiwashe mpaka kamati na mrithi wamekubaliana nani aitazame.

"Na mnunuzi wa vyuma alikwisha kuja kuitazama," karani alisema, akaifunga flashi katika leso, akaharakisha kwenda kituo cha magari.

Shauri hilo bado liko mbele ya kamati. Nawe msomaji, ukiwa ni karani wa chama, wa shule, wa kanisa au wa msikiti, na una kompyuta ya zamani kabatini, nakuomba kabla hujaiuza uzinakili faili zake bila kuzifungua, uandike kwa kalamu jina la programu, toleo lake, na siku uliyonakili, na karatasi hiyo uiweke pamoja na flashi, mahali ambapo atakayekurithi kazini ataiona.